Nyumba Ndogo ya Tarabini

Ukitaka kujua watu wangapi wanaishi Tarabini, kitongoji cha pembezoni mwa jiji la Perth, kule Australia, usihangaike kuwauliza wenye halmashauri yao. Muulize Placida wa Harrow, hapa London. Hajawahi kukanyaga Tarabini, na Australia yenyewe anaijua kwenye ramani tu, lakini atakwambia bila kupepesa macho: hesabu ya zamani watu elfu mbili na mia nane, farasi wengi kuliko watoto, hesabu iliyofuata elfu tisa, na wapangaji wa mipango wanasema miaka kumi na tano ijayo watafika elfu thelathini. Atakwambia pia kwamba nyumba saba katika kila kumi zina vyumba vya kulala vinne au zaidi. Akifika hapo kwenye vyumba vinne sauti yake hushuka, na humalizia haraka haraka.

Takwimu hazikuwa fani yake. Placida ni nesi, mzaliwa wa Bukoba, mwenye miaka arobaini na minne, wa wodi ya wazee katika hospitali moja hapa London. Kwa miaka ishirini kitu pekee alichokisoma kwa makini kilikuwa ratiba ya zamu. Kilichomgeuza kuwa mtaalamu wa vitongoji ni wivu, tusifichane. Mdogo wake wa tumbo moja, Beatha, anaishi huko Tarabini, na anaishi vizuri.

Beatha yule yule! Placida ndiye aliyefungua njia. Alikuja London kwanza, baridi ikamchapa yeye kwanza, akalala kwenye makochi ya watu yeye kwanza. Beatha alipomfuata alikuta kitanda kimetandikwa, na walilala wawili kwenye kitanda hicho mwaka na nusu, Beatha akimbandika dada yake mgongoni miguu ya barafu. Nani alimfundisha kupanda treni? Nani alimtafutia kazi ya kwanza ya kuhudumia wazee? Beatha akaja kuolewa na Nickson, fundi umeme, Mtanzania mwenzao, mtu mpole mwenye maneno ya kuhesabika. Nickson akapata kazi Perth, wakaondoka. Placida aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege akalia machozi ya kweli kabisa.

Miaka ile ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri, kwa maana ya kwamba Beatha alikuwa na shida. Picha zilizokuja zilikuwa za barabara ya vumbi, tangi la maji ya mvua, choo cha shimo, basi linalopita mara mbili kwa siku, na duka moja linalouza mkate pamoja na chakula cha farasi. "Maskini mdogo wangu," Placida alikuwa akiwaambia wenzake kanisani, mkono kifuani. "Amekwenda kuishi porini." Alimwombea kila Jumapili, na maombi yale yalimtoka rohoni, matamu.

Halafu Tarabini ikaanza kukua. Vumbi likawekewa lami. Likaja duka kubwa, zahanati, shule. Watu wa mjini waliochoshwa na kodi wakahamia huko makundi kwa makundi, na ile ekari mbili yenye kibanda ambayo Beatha na Nickson waliinunua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, ikawa mali. Wakavunja kibanda, wakajenga nyumba. Vyumba vinne! Na nyuma ya nyumba Beatha akapanda migomba. Siku alipoituma picha ya mkungu wa kwanza, mama yao alipiga simu kutoka Bukoba akiwa analia kwa furaha, maana Bukoba nyumba isiyo na migomba si nyumba. "Beatha ana migomba!" akawa anarudia. "Mwanangu ana migomba Ulaya!"

"Mama, ile siyo Ulaya," Placida akasema.

"Hata kama. Na wewe, mwanangu, una migomba mingapi?"

Jamani. Placida alikuwa anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya Bwana Praful, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, vyumba viwili, yeye na binti yake Marion wa miaka kumi na saba. Ndizi zake hununua dukani, zimeshaanza kuwa nyeusi kwenye ncha. Ukuta wa bafu una ukungu, na kila akimlalamikia Bwana Praful, mzee hujibu kwa Kiswahili chake kizuri cha Mwanza, "Mama Marion, fungua dirisha." Mwezi wa kwanza, afungue dirisha! Siku ile ya mama na migomba, Placida alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea akauangalia ule ukungu kwa muda mrefu.

Ndipo akaanza kutafuta kasoro. Asubuhi kwenye treni ya Metropolitan, wengine wakiangalia michezo kwenye simu, yeye anasoma mpango wa halmashauri ya Tarabini, kurasa mia na kumi na mbili. Na kasoro zilikuwepo, usidhani. Daraja la njia moja, na kabla ya daraja kipilefti kimoja ambacho asubuhi foleni yake ni dakika arobaini. Watoto wanasomea kwenye makontena kwa kuwa shule imezidiwa. Bomba la majitaka halijafika. Kila alipopata moja, roho ilitulia kwa siku mbili tatu. Halafu, sijui mjinga gani, mtu anakaa ofisini anaamua kurekebisha! Daraja likapanuliwa. Shule ikaongezewa jengo. Placida akisoma habari hizo husonya mpaka abiria wa pembeni wanasogea.

Mbele za watu, hata hivyo, wimbo ulikuwa mwingine. Kazini alikuwa na mwenzake, Mwende, nesi Mkamba kutoka Machakos, mcheshi, ambaye zamani alifanya kazi pamoja na Beatha. Kwa Mwende, Placida alijitapa. Picha za nyumba ya Beatha alizionyesha kama zake. "Ekari mbili," anasema, huku anapuliza chai. "Sisi kwetu hatuwezi kukaa pasipo shamba."

"Wee!" Mwende anasema. "Na kwa nini wewe uko hapa unapigana na ukungu?"

"Nikitaka nitakwenda. Kwa mdogo wangu ni kwangu."

Sasa sikia kilichotokea Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Placida aliamka asubuhi, akachukua simu, akakuta ujumbe wa Beatha. Ulisema hivi: "Dada, kumbe Nickson ana nyumba ndogo! Miezi yote hii alikuwa ananificha. Nimelia. Ukiamka nipigie."

Placida akakaa kitako kitandani. Kila Mtanzania anajua nyumba ndogo ni nini. Siyo jengo, ni mwanamke. Nickson! Mpole yule! Akausoma ujumbe tena. Na hapa nisimsingizie wala nisimfiche: alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, ya moto, ikamfika masikioni. Vyumba vinne na migomba, na mume anakwenda kwa mwingine! Alikwenda kunawa uso, akajiangalia kwenye kioo, akakuta anatabasamu. Akalifuta lile tabasamu kwa taulo, akajitengenezea sura ya huruma, akapiga simu ya picha.

"Pole, mdogo wangu," alianza, hata kabla hajamwona vizuri. "Pole sana. Wanaume ndivyo walivyo. Wewe jikaze. Usimwonyeshe kama umeumia. Na kama ni kuondoka, ondoka, utakuja kwangu, hata kama tutabanana."

Beatha, macho mekundu, alimwangalia dada yake kwa sekunde kadhaa. Kisha akacheka mpaka simu ikamponyoka ikaonyesha mbingu, ile mbingu yao ya bluu isiyokwisha. "Dada! Umeamini! Nickson, njoo, dada ameamini!" Akaiokota simu, akaigeuza. Nyuma ya migomba palikuwa na sakafu mpya ya zege, na juu yake kuta tatu zimeshasimama, na Nickson amesimama kwenye pengo la mlango, kashika futi kamba, anaona haya. "Nyumba ndogo yenyewe hiyo. Bomba la majitaka limefika mtaani kwetu, kwa hiyo sasa halmashauri inaruhusu kila kiwanja kiwe na nyumba ya pili. Nickson aliomba kibali kimyakimya, mimi akaniambia anajenga stoo. Leo ndiyo kanionyesha karatasi. Dada, ni ya kwako. Wewe na Marion. Vyumba viwili, jiko, kibaraza."

Placida akaisogeza simu karibu na macho.

"Sikiliza," Beatha akaendelea, kwa haraka, akifuta machozi kwa kanga. "Kile kituo cha wazee ninachofanya kazi kinapanuliwa, maana watu wameongezeka na wazee wameongezeka. Wanatafuta manesi, na viza wanakuombea wao. Nimeshamwambia meneja habari zako. Ila lazima maombi yaingie kabla hujatimiza arobaini na tano, na wewe unatimiza mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo mlango umefungwa. Njoo, dada. Ulinipa kitanda, na mimi nakupa nyumba."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungelia, ungesema asante, ungeanza kufunga mizigo. Placida naye alitaka. Haki ya Mungu alitaka, alikitaka kile kibaraza mpaka meno yakamuuma. Lakini dakika tano tu zilizopita alikuwa amesimama mbele ya kioo anafurahia ndoa ya mdogo wake kuvunjika, na aibu ile ilikuwa bado inamuunguza usoni. Na juu ya aibu, wivu. Yaani Beatha apewe vyote, na bado awe mtoaji pia? Yeye dada mkubwa awe mpokeaji, akae uani kwa shemeji, nyuma ya migomba?

"Nashukuru, Bea," akasema, na sauti ikatoka ya baridi kuliko alivyopanga. "Lakini mimi, Tarabini? Watu wameongezeka zaidi ya mara tatu na daktari ni mmoja, unasubiri wiki tatu. Kituo cha treni walichowaahidi wamekiahirisha mara mbili, nimesoma mwenyewe. Basi la mwisho saa kumi na mbili jioni. Maji yanakatika kiangazi. Na moto wa porini je? Marion ana pumu." Marion aliwahi kuwa na pumu, akiwa na miaka sita. "Hapa nina treni mlangoni, nina hospitali, nina kanisa. Hapana, mdogo wangu. Kwa kweli hapana."

Beatha akageuka kumtazama mumewe. Nyuma yake Nickson alikuwa ameshusha futi kamba. "Sawa, dada," Beatha akasema mwishowe, polepole. "Nimekuelewa."

Sasa hapa lazima nieleze, maana msikilizaji mwenye haraka atadhani Placida alikataa. Hakukataa. Alikuwa anakaribishwa! Nyumbani kwao, ukimkuta mtu yuko mezani akakwambia karibu, unajibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma na kila mtu analisikia. Mwenyeji anasema, hapana bwana, kaa, japo kidogo. Hapo ndipo unasema haya, kidogo tu, ukavuta kiti, ukala. Anayekaa mara ya kwanza ni mlafi, na asiyerudia kukaribisha ni mchoyo. Beatha kalelewa nyumba hiyo hiyo, na mama huyo huyo. Placida alihitaji kubembelezwa, basi. Mara mbili, tatu. Alitaka Beatha aseme, dada, bila wewe siwezi. Akishaisikia hiyo, atakwenda kwa heshima zake.

Akasubiri Jumamosi iliyofuata kwa utulivu. Wiki nzima alikuwa anatoa nguo kabatini, za kubaki huku, za kwenda kule. Alihakikisha pasipoti zote mbili hazijaisha muda. Bwana Praful alipomwambia habari za dirisha, akamjibu kwa ujeuri kwamba dirisha hilo karibuni mzee atalifungua mwenyewe.

"Lakini ulimwambia hapana," Marion akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, alipomkuta mama yake anapima sanduku. "Nilikusikia. Ulisema hapana mara mbili."

"Wewe Kiswahili hukijui," Placida akamjibu. "Hapana ya kwanza siyo hapana."

"Na yeye atajuaje?"

"Atajua. Ni mdogo wangu."

Jumamosi ilifika, wakazungumza nusu saa, wakazungumzia meno ya mama. Jumamosi ya pili wakazungumzia mvua. Ya tatu Placida akarusha chambo: "Na ile nyumba imefika wapi?" Beatha akasema inaendelea, wamepaua, na akabadili mazungumzo upesi, kama mtu anayeogopa kumkera mwenzake. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita. Placida akakasirika. Ona mwenye roho ya korosho! Anakaribisha mara moja tu, ya kutimiza wajibu, ili baadaye aseme nilimwita hakuja! Kumbe hakutaka aende kabisa! Wivu ukapata chakula kipya, ukanenepa. Akarudi kwenye kurasa mia na kumi na mbili, akasoma sura ya mafuriko.

Mwisho wa mwezi wa sita, saa tano asubuhi, aliingia chumba cha mapumziko cha wodi akakuta keki mezani na manesi wamejaa. Mwende alikuwa katikati, anang'aa.

"Placida! Nilikuwa nakungoja wewe nikate," akasema, akamvuta pembeni, akamshika mikono yote miwili. "Nimepeana barua ya kuacha kazi. Viza imetoka. Naenda Tarabini!"

"Tarabini ipi?"

"Si ile yenu! Kwani ziko ngapi? Kazi ni ya pale kwa kina Beatha, na watanipangisha ile nyumba ya nyuma. Aki, sijui nikushukuru aje. Kama si wewe kunionyesha zile picha singewahi kumpigia." Mwende akapunguza sauti, kwa adabu. "Nilimuuliza kwanza, na Placida je? Akaniambia ulikataa na ulikuwa na sababu za maana. Daktari, treni, moto, yote alinisomea, alikuwa ameandika. Nikamwambia mimi foleni nimezizoea tangu Nairobi."

"Hongera," Placida akasema. Alilisikia neno likitoka, akashangaa jinsi lilivyotoka vizuri. "Hongera sana, Mwende. Unastahili."

Akatoka hadi kwenye korido, akasimama karibu na dirisha la ngazi, akapiga simu. Kule ilikuwa jioni. Beatha alikuwa jikoni, kijiko mkononi.

"Mwende ameniambia," Placida akasema.

"Ah." Beatha akaweka kijiko chini. "Dada, nilitaka nikwambie mwenyewe Jumamosi. Umekasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Nashangaa tu. Uliniuliza mara moja, Bea. Mara moja! Mtu na dada yake."

Beatha akazima jiko. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulikuwa na kila kitu, dada. Hesabu ya watu, daktari, treni. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui nusu ya hayo. Niliyaandika yote, nikamwonyesha Nickson. Usiku ule hatukulala, tukijiuliza kama tumekosea kununua huku. Nikasema, dada amechunguza, dada ndiye aliyeona dunia kwanza, nikimsumbua tena nitakuwa nambebesha mzigo wangu. Nilikuwa nataka uje mpaka naogopa kusema." Akasogeza uso karibu na simu. "Kwani ulitaka kuja? Sema tu. Nafasi mbili bado ziko, niliuliza jana. Mwezi wa kumi na moja bado. Mwende atakaa nyuma, wewe na Marion mtakaa na sisi humu ndani, vyumba vipo. Dada? Ulitaka?"

Ndilo hilo, basi. Lile karibu la pili, alilolingojea miezi mitatu, lilikuwa mbele yake, na mwenye kukaribisha macho yamemlegea kwa kuomba. Ilikuwa imebaki kusema haya. Placida akafungua mdomo. Mlango wa chumba cha mapumziko ukafunguliwa, kicheko cha Mwende kikamwagika koridoni, na mtu akapaza sauti kuuliza kama nyumba ina kibaraza, na Mwende akajibu kwamba kipo, tena kinatazama migomba.

Mwende kwanza, halafu yeye. Awakute wameshazoeana, Mwende ameshajua sufuria zinakaa wapi, Mwende akimwambia karibu kwenye nyumba ya mdogo wake mwenyewe.

"Mimi?" Placida akasema, akacheka. "Nifuate nini huko, Bea? Si nilikwambia hapana. Nilikuwa nauliza tu."

Beatha akamtazama kwa muda mrefu. Placida akalishikilia tabasamu lake, hakulilegeza hata kidogo. Na Beatha, safari hii pia, akamwamini.